Kasri za Gondar na Mlima wa Wehni
Mhadhara uliotolewa mbele ya wasemaji wa Kiswahili, Lemon Gaba, Juba



Nimeombwa niseme juu ya majumba ya wafalme yaliyojengwa milimani, na katika pande hizi zetu zote za Afrika ya Mashariki sikuona majumba yastahiliyo kutangulizwa kama kasri za Gondar, katika nchi ya Uhabeshi, ambayo leo twaiita Ethiopia. Kwa sababu, ijapokuwa safari ya kutoka Juba hadi huko ni ndefu na yenye mabonde na majabali mengi, mto upitao kando ya mji wetu huu, na mto utokao katika ziwa Tana lililo kusini ya Gondar, hukutana Khartoum na kuwa Nili moja, na watu wanyweshwao na Nili moja haifai wawe wageni wa habari za wao kwa wao. Tena, nisemapo habari hizi hapa Lemon Gaba nasema na watu waijuao thamani ya tofali na bati, waliojenga na wanaoendelea kujenga, wenyeji na wageni wa dola changa ambayo mwaka 2011, mwaka uleule wa uhuru wake, serikali yake iliazimia kuyahamishia makao makuu Ramciel, na swali la mji mkuu wa taifa ukae wapi na ujengwe vipi halijakoma kuulizwa tangu hapo. Ukoo wa kifalme wa Uhabeshi ulijiuliza swali hilohilo karibu miaka 400 iliyopita, ukalijibu kwa mawe na chokaa.

Nia yangu ni kuonyesha kwamba ukoo huo uliijua hikima ya kujenga, na kazi ya mikono iliyoutumikia ingalipo hata leo. Lakini hikima ya kurithishana enzi kwa amani haukuijua, na kwa upungufu huo mmoja ngome iliyowashinda maadui wa mbali haikumfaa mwenye nyumba.

Kwa karne nyingi wafalme wa Uhabeshi, wa ukoo uliojinasibisha na Nabii Suleiman na Malkia wa Sheba, na ulioshika enzi tangu mwaka 1270 kwa mkono wa Yekuno Amlak, hawakuwa na mji mkuu wa kudumu. Dola yao ilikuwa dola ya mahema. Mfalme alipokwenda, nchi nzima ya wakubwa na watumishi ilikwenda naye: makasisi na waandishi, maamiri na askari, wapishi, wahunzi, wafanyabiashara na wanyama wa mizigo, na hema ya mfalme ilipopigwa mahali, kila mtu alikijua kituo chake kuizunguka hema hiyo, kuume au kushoto, karibu au mbali, kwa kadiri ya cheo chake. Mwendo huo ulikuwa na maana. Mfalme aliyehama alionekana na raia, alikusanya kodi kwa kuila palepale ilipolimwa, na alimfikia mwasi kabla uasi haujakomaa. Lakini ulikuwa na gharama pia, kwani kambi ya maelfu ya watu hula nafaka na kukata kuni kuliko mkoa mmoja uwezavyo kuvumilia, na ilipoondoka iliacha nyuma yake magofu ya majani na vilima visivyo miti.

Katika karne ya 16 mambo yalizidi uzito. Vita vya Imam Ahmad bin Ibrahim, vilivyoanza kupamba moto mwaka 1529 na kukoma kwa kifo chake mwaka 1543, viliteketeza makanisa na hazina za milimani. Na Wareno waliokuja kumsaidia mfalme wa Wahabeshi walifuatwa na mapadri wa Kijesuiti waliokuja na dini yao. Mfalme Susenyos, aliyetawala tangu mwaka 1607, alivutwa na mapadri hao mpaka akaingia hadharani katika kanisa la Roma mwaka 1622, na nchi iliyokuwa na imani yake ya kale kwa zaidi ya miaka elfu moja ikamkataa. Damu ilimwagika, hata mwaka 1632 mfalme mwenyewe, amechoka kuwaua raia zake kwa ajili ya itikadi, akavua taji akamvika mwanawe Fasilides, na imani ya mababu ikarudishwa. Katika muda usiotimia miaka miwili au mitatu Wajesuiti walikuwa wamefukuzwa nchini.

Huyu Fasilides ndiye aliyejenga Gondar, na tarikhi ya mji huhesabiwa tangu mwaka 1636 au karibu yake. Mahali alipopachagua palikuwa na sifa nyingi zilizokutana: uwanda ulioinuka zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, katikati ya mito miwili, Angereb na Qaha, ili maji yasipatikane kwa shida, milima mirefu ya Simien kaskazini, ambako kilele cha Ras Dashen hupita mita 4,500, iwe ngao, rutuba ya nchi ya ziwa Tana kusini iwe ghala, na njia za misafara zikutane hapo, ya magharibi ikitelemka Sennar katika nchi ya Sudani, na ya kaskazini ikitafuta bandari ya Massawa katika bahari ya Sham. Alhasili, aliyekaa Gondar alikuwa amejificha na adui bila ya kujificha na biashara.

Na tuingie sasa katika ngome yenyewe, ambayo kwa lugha ya wenyewe huitwa Fasil Ghebbi, yaani ua wa Fasil. Ukuta uizungukao una urefu wa mita 900, na malango yake yalikuwa 12, kila lango na jina lake na watu wake; na eneo lililomo ndani ni kama mita za mraba 70,000. Kasri ya Fasilides, iliyo kubwa na kongwe kuliko zote humo, imesimama kwa mawe ya volkano ya rangi ya hudhurungi, yaliyopangwa na kushikwa kwa chokaa. Ina minara minne ya mviringo, mmoja katika kila pembe, na juu ya kila mnara kuba. Paa lake ni bapa, limezungukwa na ukuta mfupi wenye meno. Na juu ya vyote hivyo, katika pembe ya kusini-magharibi, imeinuka buruji ya mraba ambayo kilele chake hufika mita 32, ili mlinzi aliyesimama hapo apate kuitazama nchi yote ielekeayo ziwa Tana.

Atakayelikaribia dirisha moja la kasri hiyo ataona jambo linaloonyesha akili ya mafundi wake. Ukuta wote ni wa jiwe jeusi-jeusi, gumu, zito, lisilokubali kuchongwa kwa urahisi. Lakini kizingo cha dirisha, yaani lile tao linaloichukua mizigo ya juu na kuigawa kuume na kushoto, kimefanywa kwa jiwe jingine la volkano, jekundu, jepesi, lenye vitundu vidogo-vidogo, ambalo patasi hulikata kama atakavyo mwenye patasi. Basi jiwe laini limepewa kazi ya umbo na jiwe gumu limepewa kazi ya nguvu, na katika kugawana kazi huko uzuri umepatikana wenyewe, kwa kuwa kila dirisha na kila mlango umejipiga wanja mwekundu katika uso wa kuta zilizofifia. Nje ya madirisha zilikuwako roshani za mbao. Ndani, katika orofa ya chini, zimo kumbi za karamu na za kupokea wageni, na juu yake vyumba vya faragha na vya ibada. Na mahali pengine kutani imechongwa nyota ya pembe sita, kuwakumbusha waingiao nasaba ya Suleiman ambayo kwayo mwenye nyumba alidai haki ya kutawala.

Chokaa yataka neno lake peke yake, kwa maana bila ya chokaa kasri hizi zisingalikuwako. Sisi wa lugha ya Kiswahili tunaijua kazi hii kwa urithi wa pwani, ambako mafundi walichoma matumbawe juu ya tanuu la magogo, wakayamwagia maji, wakaiacha chokaa ilale miezi mingi mpaka ipoe na kulainika, ndipo waijengee. Na kwa kazi hiyo ilisimama Husuni Kubwa ya Kilwa katika karne ya 14, jumba la Sultani al-Hassan bin Suleiman, juu ya jabali linalotazama bahari. Upana wa vyumba vya pwani ulifuata urefu wa boriti ya mkoko, hata fundi hakuweza kuupita sana upana wa mita 3 bila ya kujenga nguzo au kuba. Huko milimani jiwe lilikuwa tele tangu zamani, lakini wajenzi wa zama zile walilishika kwa udongo, na udongo hauhimili orofa tatu na buruji juu yake. Chokaa ya kujengea ilitiwa katika kazi za kifalme katika zama za Susenyos, na aliyeionyesha alikuwa mtu aliyetoka India. Na kitabu cha mambo ya mfalme huyo kinamtaja fundi wa Kibaniani katika ujenzi wa kasri yake ya Danqaz, pamoja na mjenzi kutoka Misri na fundi wa kienyeji aliyeitwa Gebre Krestos.

Nayataja hayo kwa makusudi, kwani wasafiri wengi wa Ulaya, walipoziona kasri hizi, walisema upesi kwamba ni kazi ya Wareno, kana kwamba minara na matao hayangeweza kuota katika udongo wa Afrika bila ya mbegu ya Lisbon. Athari ya Wajesuiti katika ufundi wa mawe siikanushi. Walijenga makanisa yao kando ya ziwa Tana, na mafundi wa Kihabeshi walitazama na kujifunza. Lakini kasri ya Fasilides imejengwa baada ya Wajesuiti kufukuzwa, na imejengwa na mfalme aliyepatana na mapasha wa Kituruki wa Massawa na Suakin wawazuie Wafaranji, yaani Wazungu, wasiingie nchini mwake. Mwaka 1648 alifika Gondar mjumbe wa Imam wa Yemen, mwanachuoni al-Hasan bin Ahmad al-Haymi, baada ya safari ya taabu kubwa kutoka pwani ya bahari ya Sham. Akaiona kasri, akaistaajabia kwa mawe na chokaa yake, akaandika kwamba mjenzi wake alikuwa Mhindi. Na pamoja na huyo Mhindi walikuwako Beta Israel, Mayahudi wa Kihabeshi, ambao ndio waliokuwa waashi, maseremala na wahunzi wa Gondar, na waliozichonga kasri za wafalme Wakristo kwa mikono yao ilhali wenyewe hawakuwa na haki kamili katika ardhi waliyoijengea. Kadhalika Waislamu wa Kihabeshi ndio walioendesha misafara iliyoleta nguo, mazulia na manukato yaliyozipamba kumbi hizo. Ngome ya Gondar, basi, ni ya Wahabeshi kwa sababu Mhabeshi aliitaka, aliiamrisha, aliilipia na kuikalia. Na waliomsaidia ni mataifa yaliyozunguka bahari ya Hindi, bahari ileile iliyotuzalia sisi lugha hii.

Baada ya Fasilides kufariki mwaka 1667, wafalme waliomfuata walishika desturi njema: hakuna aliyeivunja kasri ya babaye ili ajengee kiwanja chake, bali kila mmoja aliongeza yake kando ya ile ya kwanza, hata ua wa Gondar ukawa kama kitabu cha nasaba kilichoandikwa kwa mawe. Yohannes wa Kwanza alijenga nyumba ya vitabu na ya maandiko ya dola. Mwanawe, Iyasu Mkuu, aliyetawala toka 1682 hata 1706, alijenga kasri iliyosifiwa kwa mapambo ya pembe za ndovu, vioo na dari zenye nakshi, na akaanzisha kanisa la Debre Berhan Selassie ambalo dari yake imechorwa nyuso za malaika zilizojipanga safu kwa safu. Na ni zama zake alipofika tabibu wa Kifaransa Charles Poncet, kwa njia ya Nili na Sennar, kuja kumtibu mfalme maradhi ya ngozi. Dawit wa Tatu alijenga nyumba ya nyimbo. Bakaffa alijenga ukumbi mrefu wa karamu na mazizi ya farasi. Na Malkia Mentewab, mjane wa Bakaffa, aliyeiongoza dola kwa ajili ya mwanawe Iyasu wa Pili tangu mwaka 1730, hakutosheka na kasri yake ndani ya ua, bali alijijengea makao mengine nje ya mji, kwenye ubavu wa mlima, mahali paitwapo Qusquam, ambako mwaka 1770 alimpokea msafiri wa Kiskoti James Bruce. Huyo Bruce alikadiria kwamba mji ulikuwa na familia 10,000 wakati wa amani.

Wakati wa amani: maneno hayo ndiyo mlango wa sehemu ya pili ya mhadhara wangu.

Ukoo huu ulikuwa na mlima mwingine. Mbali na mji wa kasri uko mlima wa Wehni, jabali lenye kingo za kusimama wima, ambalo mtu hulipanda kwa njia nyembamba na kuteremka kwa idhini tu. Huko ndiko Fasilides alikowapeleka wana wa ukoo wa kifalme waliokuwa na haki ya kutamani enzi, ndugu na watoto wa ndugu, wakae chini ya ulinzi maisha yao yote, isipokuwa siku ambapo wakubwa wa dola wangemhitaji mmoja wao na kumwita kutoka kifungoni moja kwa moja hadi kitini. Desturi hiyo hakuibuni yeye. Wafalme wa kale walikuwa na mlima wao wa Amba Geshen kwa kazi hiyohiyo, mpaka majeshi ya Imam Ahmad yalipoutwaa. Kwa hiyo mfalme wa Gondar, alipokaa karamuni katika ukumbi wenye nyota ya Suleiman, alijua kwamba kuna jabali lililojaa damu yake mwenyewe, na kwamba kila mfungwa kule juu ni mfalme anayengoja. Bakaffa mwenyewe alitoka Wehni.

Ukoo unaowafunga watoto wake huwafundisha watoto jambo moja, nalo ni kwamba aliye nje ya kiti hana usalama. Na somo hilo lilizaa matunda yake. Mwaka 1706 Iyasu Mkuu, mfalme bora kuliko wengi wa ukoo huo, aliuawa kwa njama za wafuasi wa mwanawe Tekle Haymanot. Tekle Haymanot naye aliuawa mwaka 1708. Dawit alikufa kwa sumu mwaka 1721. Mwaka 1769 mfalme Iyoas, mjukuu wa Mentewab, aliuawa kwa amri ya Ras Mikael Sehul, mkubwa wa Tigray ambaye aliitwa Gondar kuja kuwa msaada, na kuanzia hapo hadi mwaka 1855 ikaendelea zama iitwayo na Wahabeshi Zemene Mesafint, zama ya maamiri, ambamo wenye cheo cha ras walipigana wao kwa wao, na wafalme wa ukoo wa Suleiman wakakaa ndani ya kuta zao nene wakiwa na taji bila amri, wakiwekwa na kuondolewa na kila mwenye askari wengi. Wahenga wetu walikwisha kusema kuwa kikulacho ki nguoni mwako. Malango 12 yalikuwa yakilindwa barabara, na mauti yalikuwa yakilala ndani.

Wala ugawanyaji haukuishia katika ukoo. Baraza la Yohannes wa Kwanza la mwaka 1668 liliamrisha kwamba Waislamu wakae mtaa wao mbali na Wakristo, na Mayahudi vivyo hivyo; hivyo wale walioujenga mji na kuulisha waliambiwa kwamba wao si wa mji. Dola iliyopata mafundi wake kwa kuunganisha mataifa ilijipa kanuni ya kuyatenganisha, na nguvu ambayo ingaliiokoa siku ya dhiki ikaipunguza kwa mkono wake.

Yaliyofuata yasemwe kwa ufupi. Tewodros wa Pili, aliyeimaliza zama ya maamiri mwaka 1855, hakuupenda mji huu, akauteka nyara na mwaka 1866 akauchoma. Mwaka 1888 majeshi ya Mahdi kutoka Sudani, yakiongozwa na Abu Anja, yaliupora na kuyateketeza makanisa yake mengi, Debre Berhan Selassie likasalimika. Waitalia waliuingia mwaka 1936. Na walipozingirwa hapo, katika kituo chao kikubwa cha mwisho katika Uhabeshi, miongoni mwa waliowazingira walikuwa vijana wa King's African Rifles kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, hata mji ulipokubali kushindwa tarehe 27 Novemba 1941, Kiswahili kilikuwa kimefika malangoni mwa Fasilides pamoja nao. Mabomu ya vita hivyo yaliiharibu kasri ya Iyasu, ambayo ilikwisha kuumizwa na tetemeko la ardhi mwaka 1704. Mwaka 1979 ua wote wa Gondar ulitiwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia; na hata leo, kila mwezi wa Januari katika sikukuu ya Timkat, birika kubwa linalonasibishwa na Fasilides hujazwa maji ya mto Qaha, na umati wa watu hushuka kuyapokea yakiisha kubarikiwa.

Katika ukarabati wa kasri hizi limo funzo la fundi ambalo ningependa kila mjenzi wa hapa alichukue. Waitalia walitengeneza sehemu zilizobomoka kwa saruji na zege, wakidhani kwamba kigumu ndicho kidumucho. Lakini ukuta wa chokaa hunywa maji ya mvua na kuyatoa tena jua liwakapo, na hujinyoosha na kujikunja pamoja na mawe yake. Saruji huyafunga maji ndani, na kwa kuwa ni ngumu kuliko jiwe lililo jirani yake, jiwe ndilo lipasukalo. Ndiyo maana warekebishaji waangalifu hurudi katika chokaa. Kiungo chema ni kile kinachokubali kulegea kidogo ili jiwe lisalimike.

Nasi tunaokaa katika nchi iliyokwisha kuonja fitina za wakubwa, ambayo wana wake wengi walijifunza Kiswahili wakiwa wakimbizi Kenya na Uganda, na ambayo tangu mwaka 2016 imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, hatuwezi kuisoma habari ya Gondar kama hadithi ya watu wengine. Mji mkuu ukikaa Juba au ukihamia kwingine, mawe yatapatikana, na mafundi wako. Wengine wa damu zetu, wengine wageni wetu, na wote wanastahili kuhesabiwa wenye mji. Lakini kabla ya kuuliza ukuta uwe na kimo gani, wakubwa wetu na waulize atakayetoka katika kiti atatoka vipi, atakayeingia ataingia kwa haki gani, na aliyekosa kiti ataishi wapi kwa amani na heshima yake. Fasilides alikuwa na jibu la swali la ukuta, na jibu lake lingali limesimama. Kwa swali la pili alikuwa na Wehni tu, na Wehni ndiyo iliyouangusha ukoo wake. Tukilijibu hilo la pili kwa sheria inayomlinda kila mtu, hata aliyeshindwa, tutakuwa tumejenga kile ambacho wafalme wa Gondar, kwa ufundi wao wote, hawakujaliwa kukijenga.